MACHO YETU NA VIOO VYA KOMPYUTA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi wa ofisi ya namba za mabehewa tumeombwa tuseme habari za macho. Zamani karani aliandika katika daftari, na mara kwa mara aliinuka kwenda yadi kutazama behewa lenyewe. Siku hizi twakaa mbele ya kioo cha kompyuta tangu asubuhi mpaka saa kumi. Ikifika jioni macho yawasha kama yametiwa mchanga, kichwa chauma, na saa ya stesheni twaiona katika ukungu.

Mwenzetu mmoja alificha jambo hili miezi mingi. Aliogopa kwamba akisema ataambiwa haoni, na kazi imponyoke. Alipokwenda kupimwa, daktari alimwambia macho yake ni mazima, yamechoka tu. Ndugu, uchovu huu si upofu. Wala msitupe fedha kwa miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Wengine wetu tulikwisha kuinunua, na haikutusaidia neno.

Sababu ni hii. Mtu hupepesa macho kadiri ya mara 15 kwa dakika, lakini akikaza kioo huweza kushuka mpaka mara 5 au 7. Basi machozi hukauka. Ninyi wa karakana mwajua beringi iliyokosa grisi inavyofanya. Tena ndani ya jicho mna msuli mdogo unaokazwa kwa kuona vitu vya karibu, nao ukikazwa saa nyingi huchoka.

Dawa yake haina bei. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali futi 20 au zaidi, kwa sekunde 20, huku ukipepesa. Sisi twatazama tangi la maji. Kioo kiwe mbali kama urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usipite macho. Dirisha liwe ubavuni, na feni isipulize usoni. Waliopita miaka 40 huenda wakahitaji miwani ya kusomea, nayo si aibu. Lakini mtu akipotewa na kuona kwa ghafula, au jicho likimuuma sana, aende hospitali siku ile ile.

Sasa, msimamizi alituona tukitazama tangi akasema ni uvivu. Sekunde 20! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri alinde afya ya wafanya kazi wake, na penye watu 20 au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama. Sisi hapa twapita 20 mbali sana, na kamati hatuna. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaomba majina ya wajumbe wetu yaandikwe leo, kabla mkutano haujafungwa, na neno la kwanza watakalopeleka liwe hilo la mapumziko ya macho.