Kabla ya Nyumba, Tuijue Ardhi: Maneno Tuliyozungumza Jego



Wazee wetu, kina mama, vijana wa Jego. Sitawachosha.

Mtaniuliza: mgodi wa titani ulikuwa Maumba na Nguluku, sisi tuko huku njia ya Vanga, yatuhusu nini? Yatuhusu. Wenzetu waliohamishwa kule walitengewa makao Mrima Bwiti, ni jirani zetu. Na kilima cha Mrima chenyewe kina madini. Ya jirani leo, kesho huenda yakawa yetu.

Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza kupitia Likoni Februari 2014. Uchimbaji ukakoma Disemba 2024. Sasa kila mtu aiulizia ile ardhi: huyu ataka shamba, huyu kiwanda, huyu majumba. Mimi nyumba sipingi. Makao bora ni haki, Katiba kifungu cha 43 chasema hivyo. Lakini nyumba haianzi na tofali, yaanza na ardhi. Na ardhi ile si ile mliyoijua.

Mchanga ulichimbwa, ukaoshwa kwa maji, madini mazito yakatolewa. Mchanga uliobaki ukarudishwa. Ule udongo laini, unaotoka kama uji, huchelewa sana kukauka. Juu waweza kuukanyaga ukadhani umeshikana, kumbe chini bado mbichi. Mhogo utaota hapo. Ukuta wa mawe utapasuka.

Kwa hivyo ukija mpango wa nyumba, tuulize mambo manne.

Kwanza, udongo umepimwa? Mhandisi apime kila sehemu kivyake. Palipojazwa mchanga si sawa na palipomwagwa tope.

Pili, mionzi. Mchanga mzito wa pwani huweza kuwa na monazaiti, nayo ina thoriamu. Sisemi kuna hatari, nasema ipimwe, hasa palipokuwa na mitambo na marundo. Matokeo tusomewe kwa Kiswahili na Kidigo, tuelewe sote.

Tatu, maji. Watu wataninywa wapi, visimani au Bwawa la Mukurumudzi? Na mvua ya masika ikinyesha, maji yatapita wapi ikiwa mabonde yamegeuzwa?

Nne, na hili ndilo kubwa: hatimiliki. Kibali cha kuchimba kikiisha, ardhi ni ya nani? Nyumba zikitangulia jibu, yule aliyeng'olewa mikorosho yake atarudi pale kama mpangaji, alipe kodi mahali babu yake alipozikwa. Hilo tusilikubali.

Nguvu tunayo. Sheria ya Madini ya 2016 yamtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Tuseme kwa sauti moja: dhamana isiachiliwe kabla vipimo havijasomwa hadharani. Na mradi mkubwa wa nyumba wahitaji tathmini ya mazingira mbele ya NEMA, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Tuyaandike, tubaki na nakala.

La mwisho. Mtu akikuletea karatasi jioni, akwambia tia sahihi usije ukakosa nyumba, mwambie aiache. Isome na wenzako kwanza. Nyumba ya haki haikimbii.