ALAMA MBILI ZA MLIMA MERU



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu isiyo na mwisho. Hotuba kubwa sina. Ninayo habari ya mzee mmoja aliyerudi darasani akafeli, na mzee huyo ni mimi.

Nilipostaafu, mwanangu alinipa simu yake ya zamani, akanionyesha kwamba vyuo vikuu vya ng'ambo siku hizi hufundisha bure kwa njia ya intaneti. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, kilikuwa na darasa la watu 25 waliolipa karo. Mlango ulipofunguliwa kwa yeyote, wakaingia wengine wapatao 2,200 bila malipo. Dunia ikashangaa. Lakini wazee wenzangu mtakumbuka kwamba sisi tulikuwa na letu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini mwetu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyedaiwa karo, wala aliyeulizwa cheti.

Basi nikajiandikisha somo la volkano. Nilijua nitawaacha wote nyuma. Nimefundisha jiografia miaka 30, tena chini ya Mlima Meru!

Shida ya kwanza ilikuwa mtandao. Nyumbani kwangu, Tengeru, hupatikana vizuri karibu na banda la ng'ombe tu. Nikaweka kigoda hapo. Profesa anaeleza habari za lava, ng'ombe anacheua, mama watoto anapita na majani akiuliza kama leo kuna kipindi. Shida ya pili ilikuwa saa. Tuliambiwa kazi ifike kabla ya 23:59. Nikakesha, nikakimbizana na saa sita ya usiku, jasho linanitoka kama mtahiniwa wa kidato cha nne. Kumbe hiyo ni saa ya Greenwich. Kwetu ni karibu saa tisa ya usiku. Nilikuwa na saa tatu nzima za kulala.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: eleza volkano iliyo karibu nawe. Nikaandika yale niliyoyafundisha siku zote, kwamba Meru ni volkano iliyokufa. Kazi zetu zilisahihishwa na wanafunzi wenzetu watatu. Nilipata alama 3 kwa 10. Mmoja, aliyesema anaishi Ufilipino, aliuliza: mlima huu si ulitoa majivu mwaka 1910? Je, wewe mwenyewe ulikwenda lini kuutazama?

Siku mbili sikukaa kwenye kigoda kile. Ya tatu nikapanda gari kutoka Usa River kwenda Momella.

Ndugu zangu, ukiwa mjini Arusha, Meru ni mlima uliokamilika, kama ule tunaouchora ubaoni. Ukiwa Momella, ubavu wote wa mashariki haupo. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Mawe na tope vikamwagika hadi chini, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde ya kifusi hicho. Ndani ya shimo kimesimama kilima cha majivu, kimya, kama mtoto aliyeambiwa akae. Mlima huo umelala, haujafa. Miaka 30 nilikuwa nimeutazama upande mmoja tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwenyeji wa Ngarenanyuki. Katika mtihani wa muhula aliandika kwamba Meru umelala. Nikamkata alama mbili. Akanyoosha mkono, akasema kwamba babu yake alisimuliwa na wazee habari za majivu. Nikamjibu: "Babu yako hatungi mtihani." Darasa likacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Tangu siku ile hadi anamaliza shule, sikuuona mkono wake tena katika somo langu.

Kazi yangu niliiandika upya, nikapata 9. Lakini wale wa ng'ambo hawawezi kunisaidia katika hili la pili.

Ndugu Mwenyekiti, bwana yule yumo humu ukumbini. Nimemwona asubuhi akipokea soda, naye amenisalimu kwa heshima ambayo sikuistahili. Kitabu changu cha alama cha mwaka ule ninacho hapa mfukoni, na kalamu nyekundu ninayo. Namwomba asiondoke kabla ya chakula. Alama zake mbili nitazijaza mbele ya wenzake waliocheka. Kisha ningependa anisimulie ile habari ya babu yake tangu mwanzo. Safari hii mimi ndiye nitakayeandika.