Somo la Leo: Ruzuku ya Shule

Neno letu leo ni "ruzuku". Ruzuku ni fedha ambazo Serikali hupeleka shuleni kwa vitabu, chaki na matengenezo.

Sikilizeni habari za jirani zetu wa Uganda. Kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku, shule za msingi zilipata wastani wa shilingi 13 tu. Nyingi ziliishia katika ofisi za wilaya. Ndipo Serikali ikatangaza magazetini kiasi kilichopelekwa, na shule zikaagizwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001 zilifika zaidi ya shilingi 80. Kwa nini? Kwa sababu wazazi waliweza kusoma na kuuliza.

Kwetu Tanzania, Januari 2016, shule za Serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne. Basi ukiombwa fedha, uliza: Ni za nini? Nani ameziidhinisha? Stakabadhi iko wapi? Ukiombwa rushwa, piga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Zoezi: Someni ubao wa matangazo wa shule yenu. Andikeni fedha zilizopokelewa na matumizi yake. Ubao ukiwa mtupu, ulizeni Kamati ya Shule.