Jibu la mtu mwingine



Wengi wenu mmetuuliza: majina yetu mnayoyaingiza katika kompyuta, nani mwingine anayaona? Tulizoea kujibu kwamba tumeyafunga kwa neno la siri. Jibu hilo halitoshi. Siri inaweza kutoka hata pasipo mwizi.

Tarehe 20 Machi 2023 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilisimamisha kwa muda huduma yake ya ChatGPT. Watu walikuwa wameona katika skrini zao vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Hakuna aliyevunja mlango. Kosa lilikuwa katika redis-py, programu ndogo inayopeleka ombi kwenye ghala ya habari na kurudisha jibu.

Fikirini dirisha la ugawaji. Nyuma yake kuna wajumbe wachache wanaotumikia watu wote. Mama mmoja anaomba fishi yake, mjumbe anakwenda. Kabla hajarudi, mama anaambiwa mtoto amezidiwa, anaondoka mbio. Mjumbe anarudi na kumkabidhi fishi yule aliyesimama sasa dirishani. Angekuwa ameomba chumvi, angeshtuka. Lakini aliomba fishi, na amepewa fishi: ina jina la mwenzake na kijiji alichokimbia.

Ndivyo ilivyokuwa kule. Mara nyingi jibu halikufanana na ombi, programu ikakataa. Mara nyingine lilifanana, likapita. Katika muda wa saa 9, asilimia 1.2 ya wateja wa kulipia waliokuwa wakiitumia huenda walionekana majina, anwani na tarakimu 4 za mwisho za kadi zao za benki.

Kwao ni kadi. Kwetu ni jina la aliyetoa ushahidi wa shamba katika barza, kufika mbele ya yule aliyemshtaki.

Wao waliongeza ukaguzi: kabla jibu halijatoka, lilinganishwe na mtu aliyeliomba. Tumewaagiza makarani wetu vilevile, wapatanishe namba ya jetoni na fishi kabla ya kugeuza skrini. Ushahidi wa barza hatutauingiza kabisa katika kompyuta. Utakaa katika daftari, ndani ya sanduku lenye kufuli. Wenzetu wengine hawakupendezwa, maana daftari nalo huungua.

Mkionyeshwa jina lisilo lenu, mwambieni karani papo hapo. Msilisome kwa sauti.