FUNDI ASIYE NA DARAJA

(Hotuba kwa wanachama wa Bofu, Likoni, juu ya vyuo vya ufundi na haki ya mfanya kazi)



Twajua wengi wenu mmevuka feri jioni hii mkiwa mmechoka, na kesho alfajiri mtavuka tena. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati. Jambo tulilo nalo ni moja: ufundi, na karatasi ya ufundi, na mshahara wa ufundi. Mambo hayo matatu yangepaswa kwenda pamoja kama nyuzi za kamba moja. Kwetu sisi yametengana, na aliyepata faida ya kutengana huko si mfanya kazi.

Hapa Bofu, na Mtongwe, na Shika Adabu, na Timbwani, mafundi hawakosekani. Wako waashi, maseremala, mafundi wa bomba, wa stima, wa kuchomelea vyuma, wa motokaa. Wako akina mama na mabinti wanaoshona nguo usiku na mchana. Lakini ukiwauliza, "Daraja lako ni lipi?" wengi watakuambia, "Mimi nimejifunza kazini tu." Neno hilo "tu" ndilo tulilokuja kulijadili leo.

Kujifunza kazini si aibu. Pwani yetu iliujua uanagenzi kabla ya kujengwa chuo cho chote cha serikali. Kijana alipelekwa kwa fundi wa mashua, au seremala wa milango, au sonara. Alianza kwa kufagia na kushika taa, akaendelea kwa kushika chombo, na mwisho akakabidhiwa kazi. Alipohitimu, wazee wake walimpa fundi kilemba, na mji mzima ukajua ya kuwa fulani sasa ni fundi. Cheti chake kilikuwa macho ya watu.

Lakini leo mwajiri hakai mtaani kwetu. Hamjui mwalimu wako, wala hakuiona mashua uliyoitia kalafati isivuje. Yeye ataka karatasi. Na ndugu zangu, sheria nayo yataka karatasi.

Tuieleze sheria hiyo, maana wengi hawajaisikia. Serikali ya Kenya hutoa amri ya mishahara ya chini kabisa. Amri hiyo haina mshahara mmoja, ina safu nyingi. Chini yupo mfanya kazi wa jumla. Kwa amri ya mwaka 2022, katika mji kama Mombasa, huyo aliwekewa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, na Novemba 2024 viwango vikaongezwa kwa asilimia 6. Juu yake wapo walinzi, watu wa mashine, madereva na wengineo. Halafu wapo mafundi, nao wamepangwa kwa ngazi nne: fundi asiye na daraja, fundi wa daraja la tatu, la pili, na la kwanza. Kila ngazi ina mshahara wake, na safu ya daraja la kwanza imo miongoni mwa zile za juu kabisa katika amri yote.

Sasa angalieni. Watu wawili wasimama mbele ya ukuta mmoja, wajenga kwa mwiko wa namna moja na timazi moja. Mmoja amepita mtihani, mwingine hakupita. Ukuta wao ni mmoja, lakini mshahara wao si mmoja. Na yule wa tatu, ambaye mwajiri amemwandika "kibarua" huku akimpa kazi ya uashi, huyo hapati hata mshahara wa fundi asiye na daraja. Twawajua watu wa namna hii. Wengine wamekaa miaka kumi na mitano katika karakana moja, na vijana wa chuo huletwa kwao wafundishwe. Mwalimu alipwa kama mpagazi!

Basi tuangalie vyuo vyenyewe vilitoka wapi, ili tujue njia ilipo.

Wakati wa ukoloni, serikali ilifungua chuo cha kazi za mikono huko Kabete mwaka 1924, cha vijana wa Kiafrika. Wajenzi na maseremala walihitajika, lakini mshahara ulifuata rangi ya mtu kuliko kazi yake. Hapa Mombasa, Taasisi ya Elimu ya Waislamu, ambayo wazee wetu waliiita MIOME, ilianzishwa mwaka 1948, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Fedha zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, kwa jamaa wa Kibohora, na kwa serikali ya kikoloni. Vijana wa Kiislamu kutoka Afrika ya Mashariki walikuja Tudor kujifunza mashine, stima na kazi za bahari. Nairobi nayo ikapata Kenya Polytechnic mwaka 1961.

Baada ya uhuru mambo yakapanuka. Mwaka 1966 MIOME ikawa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka huo huo wa 1966, baraza la makanisa ya Kenya lilitoa ripoti iliyouliza: mtoto akimaliza shule, afanye nini? Kutoka swali hilo vikazaliwa vyuo vidogo vya ufundi vijijini, ambavyo watu waliviita "village polytechnic." Baadaye vikaitwa vyuo vya vijana, na kwa Katiba ya mwaka 2010 vikawekwa chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo, mzazi wa Likoni akitaka kujua kwa nini chuo kidogo cha ufundi hakina vyombo, mlango wa kubisha si Nairobi. Ni hapa hapa, kwa kaunti ya Mombasa, na diwani wake wa wadi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Ile Mombasa Polytechnic nayo iliendelea kupanda. Mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha chuo kikuu, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Twafurahi, kwani ni heshima ya Pwani. Lakini twasema neno moja bila ya kuficha: kila chuo cha mafundi kinapovaa joho, yafaa tuulize ni nani aliyebaki kumfundisha mtu wa patasi na nyundo. Mainjinia wanahitajika; lakini kila injinia mmoja ahitaji mafundi wengi nyuma yake, la sivyo mchoro wake utabaki ukutani. Bahati njema chuo kingine cha Mombasa kilipandishwa mwaka 2016 kikawa Kenya Coast National Polytechnic, na hicho ni chuo cha ufundi hasa. Na kwa kazi za bahari, mwaka 2018 kiliundwa Bandari Maritime Academy kuchukua mahali pa Bandari College ya zamani.

Hivyo ndivyo vyuo vya vijana. Je, mtu aliye kazini tayari, mwenye watoto, asiyeweza kuketi darasani miaka miwili, afanye nini? Yeye ana milango miwili, nayo twaomba muishike akilini.

Mlango wa kwanza ni mtihani wa ufundi wa serikali. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda ilipitishwa mwaka 1959, ikarekebishwa mara kadhaa, na marekebisho ya mwaka 2011 yakaleta mamlaka iitwayo NITA mahali pa ile idara ambayo wazee kati yenu waliijua kwa jina la DIT. NITA ina kituo Mombasa. Mtahiniwa hupimwa kwa kazi yenyewe: hupewa chuma achomelee, au ubao aunge, au nyaya za stima azifunge. Aanza daraja la tatu, apanda la pili, kisha la kwanza. Haulizwi alisoma shule gani.

Mlango wa pili ni mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unasimamiwa na mamlaka ya vyeti, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Maana yake ni hii: aliyejifunza kwa baba yake, au gerejini, au kando ya bahari, aweza kuleta ushahidi wa kazi alizofanya, akapimwa na wanaojua, akipita apewe cheti sawa na cha aliyeketi darasani. Wazee walisema ujuzi hauzeeki. Sasa ujuzi huo waweza kuandikwa pia.

Na gharama je? Hapa ndipo pana siri ambayo waajiri wengine hawapendi isemwe mkutanoni. Kwa sheria hiyo ya mafunzo ya viwanda, mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi wake. Fedha hizo ni za kufundishia wafanya kazi. Hutoka kwa mwajiri, si katika mshahara wako. Ukiona zimekatwa kwako, mlete karani wa mshahara mbele ya chama aeleze. Na mwajiri akiwapeleka watu wake kusoma kwa kufuata kanuni, aweza kudai arudishiwe gharama. Hesabuni wenyewe: kampuni yenye watu 200 yalipa shilingi 10,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 120,000. Mwajiri anayelipa fedha hizo wala hampeleki mtu hata mmoja kusoma, ametia ndoo kisimani akaiacha huko huko, na mwenye kiu ni wewe.

Wako watakaosema, "Mambo ya karatasi tuliyaona zamani. Kipande nacho kilikuwa karatasi." Ni kweli. Tangu miaka ya 1920 Mwafrika alibeba kipande shingoni, kimeandikwa bwana wake ni nani na mshahara wake ni kiasi gani, na bila ya bwana kukitia sahihi hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Lakini cheti cha ufundi ni kinyume cha kipande. Kipande kilimfunga mtu kwa bwana mmoja; cheti chamfungulia mtu aende kwa bwana mwingine. Ndiyo sababu mwajiri mwingine hana haraka ya kukuona ukikipata.

Wako pia watakaosema, "Nimepata cheti, na mshahara haukuongezeka." Nalo ni kweli, na hatutawadanganya. Cheti peke yake hakimlazimishi mwajiri kukupandisha. Yeye aweza kusema kwamba alikuandika kwa kazi ya chini na nafasi ya juu haipo. Hapo ndipo kazi ya chama inapoanza. Mtu mmoja na cheti chake ni mwombaji. Watu mia moja na vyeti vyao, na mkataba wa pamoja mkononi uliosajiliwa mahakama ya kazi, hao si waombaji tena.

Kwa hiyo twataka katika kila mkataba wa pamoja kuwemo mambo manne. La kwanza, mfanya kazi apewe siku za mtihani bila ya kukatwa mshahara. La pili, mwajiri alipe ada ya mtihani. La tatu, atakayepita apandishwe ngazi katika muda uliotajwa kwa tarehe, isiwe "tutaona." La nne, anayefundisha wanagenzi kazini ahesabiwe kuwa mwalimu, alipwe kwa kufundisha.

Ndugu zetu wa Bofu, mwaweza kuuliza, haraka ya nini? Tazameni upande wa Dongo Kundu. Barabara mpya imeunganisha Miritini na pwani ya kusini bila ya kupitia feri, na huko huko pamepangwa eneo maalum la uchumi, la viwanda na maghala. Kazi inakuja upande wetu huu wa maji. Swali ni moja: tutaingia kwa lango gani? Tukienda mikono mitupu, tutapewa koleo na kuambiwa tuchimbe, na fundi wa mtambo ataletwa kutoka mbali. Kisha tutalalamika kwamba wageni wamechukua kazi zetu, na mwajiri atafungua daftari atuonyeshe: hawa wana daraja, ninyi hamna. Hatutaki kumpa jibu rahisi namna hiyo.

Wazee wetu wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma 1947, wakagoma tena 1955. Walikuwa wengi wao vibarua wa siku, leo wapo, kesho hawapo, na mgomo ndio uliokuwa sauti yao. Haki ya kugoma tunayo hata leo, wala hatuiachi. Lakini fundi mwenye daraja ana nguvu nyingine hata kabla ya mgomo: si rahisi kupata wa kuweka mahali pake kesho asubuhi.

Basi twaomba kila mmoja wenu afanye haya kabla ya mkutano ujao. Fundi asiye na cheti aandike jina lake na kazi yake kwa katibu wa tawi, ili chama kiombe mtihani kwa kundi zima. Mwenye daraja la tatu asikae hapo. Aulize la pili. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza shule asimwache barazani akisubiri chuo kikuu peke yake. Mkopo wa HELB huombwa pia na wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Na binti asikatazwe ufundi wa stima au wa kuchomelea kwa sababu ni binti. Chuma hakijui mwanamume wala mwanamke. Na wawakilishi wetu kazini waulize kwa barua, wapate jibu kwa barua: fedha za mafunzo mnazotozwa kwa ajili yetu, ni nani aliyefundishwa kwazo mwaka huu?

Swali hilo moja likiulizwa katika kila karakana, kila ghala na kila kiwanda, kutoka Likoni mpaka Changamwe mpaka Kisauni, kwa siku moja, mtaona litakavyojibiwa.

Daftari la majina liko mezani kwa katibu.