Mpira Unahitaji Fundi wa Kuuchanganya

Msikilizaji, kila tunapozungumzia kufufua kiwanda cha matairi cha Arusha, mjadala huishia kwenye mitambo na mtaji. Mashamba ya mpira yapo, Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero. Anayesahaulika ni fundi anayejua kuchanganya.

Mpira mbichi peke yake haufai kitu: jua likiwaka unanata, baridi ikizidi unakakamaa. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba salfa na moto huuivisha, ukaacha kunata na kukakamaa hivyo. Leo, kwa kila kilo 100 za mpira, mchanganyiko wa kawaida huwa na kilo 50 hivi za masizi ya viwandani, 5 za oksidi ya zinki, 2 za asidi ya steariki, takriban 2 za salfa, na kichapuzi kidogo cha kuharakisha kuiva. Salfa na kichapuzi huingia mwisho. Vikitangulia, joto la mashine laweza kuuivisha mchanganyiko kabla haujafika kwenye kalibu, na hapo mzigo mzima ni hasara. Salfa ikifika kilo 30, unapata kitu kigumu kama mpingo.

Haya hayafundishiki kwa chaki na ubao. Mwanafunzi apime mwenyewe, avute kipande mpaka kikatike, akitumbukize kwenye oili aone mpira wa asili unavyovimba na ule wa kutengenezwa uitwao nitraili unavyostahimili. Wizara inayosimamia ufundi ivipe vyuo vyetu mashine ndogo za roli mbili na mizani sahihi. Ianze na bajeti ijayo.