Kila Mzigo na Kasha Lake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimetakiwa niseme machache juu ya makontena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yangu serikalini kwa miaka mingi imekuwa ya kukagua hati na shehena katika bandari ya Dar es Salaam. Ya pili ni kwamba katika ajenda ya leo liko pendekezo la Chama chetu kununua kontena kuukuu, liletwe hapa shuleni liwe ghala la vitabu. Kabla hatujanyosha mikono, hatuna budi kujua tunanunua kitu gani.

Zamani meli ilipakiwa gunia moja moja. Makuli walibeba mizigo mgongoni, na meli iliweza kukaa gatini siku nyingi. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean, mwenye kampuni ya malori, alipeleka makasha 58 kwa meli iitwayo Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Ujanja haukuwa katika kasha lenyewe, maana kasha ni kitu cha kale. Ujanja ulikuwa kulihamisha kasha zima kutoka lori hadi meli bila kulifungua. Baadaye mataifa yakakubaliana vipimo: upana wa mita 2.44, na urefu wa futi 20 au 40 kwa yale ya kawaida. Kila pembe ikawekewa kipande cha chuma chenye matundu, na kwa sababu hiyo kreni ya Mombasa hulishika kontena kama ilivyolishika ile ya Rotterdam.

Sasa nije kwenye aina zake. Wengi hudhani kontena ni moja tu. Sivyo.

Lililo la kawaida kuliko yote ni kontena kavu. La futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na la futi 40 lina 67 hivi. Lakini tusidanganyike kwamba la futi 40 hubeba uzito mara mbili. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa yote mawili haupishani sana. Kwa hiyo shaba ya Zambia na Kongo inayopitia Dar es Salaam hufaa kontena la futi 20: sakafu haijajaa vizuri, na tayari uzito umekwisha. Pamba au magodoro, ambavyo ni vyepesi na hula nafasi, hufaa kontena la futi 40. Liko pia lile refu kwenda juu, lenye kimo cha mita 2.90 badala ya 2.59.

Kontena kavu lina adui mmoja, naye ni unyevu. Chukueni mfano wa kahawa. Magunia 320 ya kilo 60 huingia katika kontena la futi 20. Wadogo zetu wa hesabu watatuambia kwamba hizo ni tani 19.2. Kahawa hiyo ina unyevu ndani yake. Meli ikitoka kwenye joto letu na kuingia kwenye baridi ya Ulaya, paa la chuma hupoa, mvuke ulio ndani hugeuka matone, na matone huyadondokea magunia. Mvua hunyesha ndani ya kasha lililofungwa! Ndiyo sababu wapakizaji waangalifu hutandika karatasi nene na kutundika vifuko vya dawa ya kunyonya unyevu. Yako pia makontena yaliyotengenezwa na matundu ya hewa kwa ajili ya mazao ya namna hiyo. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa maana karatasi za vitabu nazo hunyonya unyevu.

Aina ya pili ni kontena la baridi. Lina mashine yake, na ni lazima lipate umeme njia nzima: melini, bandarini na juu ya lori. Minofu ya samaki wa Ziwa Victoria ikigandishwa husafiri katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na parachichi la Njombe husafiri katika nyuzi chache juu ya sifuri. Mkulima na aelewe hivi: kazi ya kontena hili ni kuitunza baridi ambayo mzigo umekuja nayo. Matunda yakitoka shambani na joto la jua, yakatiwa humo moja kwa moja, yatakuwa yameharibika kabla mashine haijafua dafu.

Yako na mengine. Kontena lisilo na paa hufunikwa kwa turubai, na mashine ndefu kwenda juu huteremshwa ndani kwa kreni. Kontena la jukwaa lina sakafu na kuta mbili za mwisho tu. Hilo ndilo la matrekta, transfoma na mashua. Kontena la tangi ni tangi lililowekwa ndani ya fremu ya chuma, nalo huweza kubeba hadi lita 26,000 hivi za mafuta ya kula au kemikali. Tangi hilo halipakiwi nusu, kwa sababu kimiminika husukasuka na kinaweza kulipindua lori kwenye kona.

Ndugu zangu, kasha likishafungwa na kutiwa lakiri, watu wote walio mbele yake huamini karatasi. Dereva, mwendesha kreni na nahodha hawaoni kilichomo. Mwezi Januari 1997 au 2020, jambo ni lile lile; lakini nitoe mfano wa Januari 2007, meli MSC Napoli ilipopasuka katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Wachunguzi waliyapima makontena ya juu ya sitaha. Karibu moja katika kila matano lilipishana na hati kwa zaidi ya tani 3. Uzito huo sio peke yake uliovunja meli, lakini ulipunguza usalama wake. Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa hairuhusu kontena lenye mzigo kupakiwa melini kabla uzito wake haujathibitishwa. Elimu ya kuchagua kasha haitoshi pasipo uaminifu wa kuandika kilichomo.

Narudi kwenye pendekezo letu. Mimi naliunga mkono, kwa masharti manne.

Kwanza, tununue kontena kavu la futi 20. Likiwa tupu lina uzito wa tani mbili na ushei, na lori litaweza kulifikisha hapa. Mmoja wetu aingie ndani mchana, mwenzake abaki nje akiulinda mlango. Panapopenya mwanga, mvua nayo itapenya.

Pili, tuulize lilibeba nini. Mara nyingi mbao za sakafu hutiwa dawa ya wadudu, na huenda kemikali zilimwagika humo. Likinuka, tuliache.

Tatu, liwekwe juu ya matofali ya zege kwenye pembe zake, maana nguvu yake iko huko. Tukate matundu ya hewa, tuezeke paa la pili la mabati juu yake, na rafu zisigusane na kuta. Bila hivyo, vitabu tutakavyovichangia vitaota ukungu kabla ya mwaka kwisha.

Nne, lisigeuzwe bweni hata siku moja, hata wanafunzi wakizidi namna gani. Ni chuma, lina joto, na mlango wake hufungwa kwa nje.

Gharama ya paa na matundu haimo katika makisio tuliyogawiwa. Naomba iongezwe leo, au tusinunue kabisa, tukasubiri mwaka mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.